Nani Alihitaji Kuona: Historia ya Kutazama kutoka Chepkoilel hadi Ukingo wa Kerio

Chepkoilel ni mahali pabaya pa kuanzia safari ya kutafuta mandhari. Ukisimama nje ya lango la Chuo Kikuu cha Eldoret unaona mashamba ya mahindi na ngano, safu za mikaratusi, mapaa ya mabati, na kinamasi cha Marura ambacho mafunjo yake huinama kila upepo unapopita. Uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na vilele vya milima ya Taita, na bado huhisi kwamba umepanda popote. Kilima cha Sergoit peke yake ndicho kinachovunja mstari wa upeo wa macho.

Hata historia ya chuo chenyewe ni ya watu walioinamisha macho ardhini. Kilianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza walowezi kilimo cha mashamba makubwa. Mwaka 1984 kikageuzwa chuo cha ualimu, mwaka 1990 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, na Februari 2013 kikapewa hati yake na jina lake la sasa. Wenyeji hawajali sana hayo majina mapya; kwao ni Chepkoilel tu.

Lakini nenda mashariki kilomita thelathini na ushei, na ardhi hii tambarare inakatika ghafla. Hakuna onyo. Unapita shamba la viazi, ua wa miti, kibanda cha kuuzia maziwa, halafu mbele yako hakuna ardhi tena. Zaidi ya mita elfu moja chini yako ni Bonde la Kerio, na ng'ambo yake milima ya Tugen. Mgeni akiuliza Eldoret aende wapi kuona mandhari, ataambiwa Iten kabla hajamaliza swali. Si jibu baya, ila ni fupi mno.

Iko miji iliyojengewa mahali pa kutazamia. Florence ilipokuwa mji mkuu wa ufalme mpya wa Italia, kati ya 1865 na 1871, msanifu Giuseppe Poggi alipewa kazi ya kuupanga upya, na mwaka 1869 akasanifu uwanja wa Piazzale Michelangelo juu ya kilima, ng'ambo ya mto Arno. Watu huupanda ule uwanja, huegemea ukuta wake mfupi, hutazama mapaa na kuba la kanisa kuu, kisha hurudi chini kula. Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet hakuna Poggi aliyepita. Huku kila mahali penye kuonyesha mbali paligunduliwa na mtu aliyekuwa na haja: ng'ombe wake, adui yake, njia ya msafara, ardhi aliyoitamani, kodi aliyotaka kukusanya. Kwa hiyo anayetaka mahali pazuri pa kutazamia katika nchi hii na aanze kwa kuuliza nani alihitaji kuona, na alikuwa akitafuta nini.

Wa kwanza tunaowajua kwa alama walizoacha ni wale ambao simulizi za Wakalenjin huwaita Wasirikwa. Nyanda zote za magharibi ya Bonde la Ufa zina mashimo yao, mapana na ya kina kifupi, na sehemu za Moiben baadhi yamezungushiwa mawe. Kwa muda mrefu wakulima waliyalima juu kwa juu bila kujua ni nini. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwishoni mwa miaka ya 1930, John Sutton akayafuatilia miaka ya 1960, na leo inakubalika kwamba yalikuwa mazizi: ng'ombe walilala shimoni, na nyumba ya wenyewe iliunganishwa pembeni. Yalitumika karne kadhaa, takriban kati ya mwaka 1200 na 1700. Jambo linalonivutia mimi ni pale yalipowekwa. Shimo lilichimbwa kwenye mteremko, na mlango wake ukaelekea bondeni. Wataalamu husema hilo lilirahisisha kutoa samadi na maji ya mvua, nami sibishi. Lakini mwenye zizi aliyesimama mlangoni jioni aliona malisho yote yaliyo chini yake, na yeyote aliyekuwa akija.

Baada yao uwanda huu ukawa wa Wamaasai wa Uasin Gishu, walioupa jina. Vita vya Wamaasai kwa Wamaasai katika karne ya 19 viliwavunja na kuwatawanya, na kufikia miaka ya 1880 nyasi zilikuwa zimebaki bila mwenyewe wa kudumu, Wanandi wakizilisha walipoona kuna usalama. Muda wote huo Wakeiyo na Wamarakwet walikuwa wameushikilia ukuta wa bonde. Kwa karne nzima jabali lilikuwa ngome yao. Mwaka 1927 J. A. Massam, afisa wa utawala wa Kiingereza aliyefanya kazi kwao, alichapisha kitabu juu ya Wakeiyo na jina lake likawataja kuwa wakazi wa magenge. Jina hilo lina chumvi kidogo, kwani hakuna aliyening'inia kwenye mwamba. Watu walijenga kwenye kidato cha katikati, ule mkunjo wa ardhi ulio nusu ya safari kutoka juu kwenda chini, ambako kuna chemchemi, udongo wa kulima na nafasi ya kukimbia pande zote mbili.

Ardhi yao iligawanywa kwa namna ambayo mtu wa tambarare huona ajabu. Kila kundi lilikuwa na kipande kirefu kilichoanzia msituni juu, mosop, kikashuka kwenye kidato, kikaishia soi, kwenye joto na migunga kando ya mto Kerio. Mbuzi na mtama vilikuwa chini, makazi katikati, msitu na mizinga ya nyuki juu. Mtu wa Kessup au Tambach aliyetoka mlangoni asubuhi aliona mali yake yote kwa mara moja, na nusu yake ilikuwa chini ya nyayo zake. Kutazama kulikuwa sehemu ya ufugaji. Moshi ukionekana pasipo na boma, habari ilipigiwa mbiu kutoka kidato kimoja hadi kingine kabla ya mgeni kufika mtoni.

Kaskazini zaidi, chini ya milima ya Cherangani, Wamarakwet walifanya jambo gumu zaidi. Walichimba mifereji inayoyachukua maji ya mito kama Embobut na Arror juu ukutani na kuyashusha hadi mashambani bondeni, mahali pengine yakipitishwa kwenye uso wa mwamba kwa magogo, mawe na matawi yaliyoshindiliwa udongo. Mifereji hiyo ina mamia ya miaka na mingi bado inafanya kazi, kila ukoo ukijua zamu yake ya maji. Ukitaka kuielewa usiitazame ukiwa juu. Simama chini, karibu na Tot au Chesongoch, uinue macho: utaona mstari mwembamba wa kijani ukikata mwamba mkavu.

Watu wa pwani nao walifika. Vitabu vingi humtaja Joseph Thomson, Mskoti aliyevuka hapa mwishoni mwa 1883 akitoka Ziwa Baringo kwenda Ziwa Viktoria, kana kwamba ndiye aliyelizindua bonde. Ukweli ni kwamba Thomson aliifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa walikwisha kuikanyaga, na aliyemwokoa katika sehemu ngumu za safari yake alikuwa mmoja wao, Jumbe Kimameta wa Pangani. Miaka michache baadaye Kimameta huyohuyo alikuwa kwenye msafara wa Count Teleki uliofika Ziwa Turkana. Njemps, karibu na Baringo, ndiko misafara ilikopumzika na kununua chakula. Kutoka hapo walipanda milima ya Tugen, wakashuka Kerio, wakaukabili ukuta. Mpagazi mwenye mzigo wa ratili sitini kichwani hakuwa na hamu na mandhari. Alitaka kujua kutoka juu ya Tugen ni wapi ukuta ule una mwanya, na je, wenye mwanya wanataka kishada kipi cha shanga mwaka huu. Hakuna aliyeutazama ukingo wa Elgeyo kwa makini kuliko kiongozi wa msafara aliyesimama upande wa pili wake. Nitarudi upande huo.

Mwaka 1893 alikuja J. W. Gregory, mwanajiolojia. Alifika Baringo akiwa na nyundo na vifuko vya mawe, na kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholieneza duniani jina la Bonde Kuu la Ufa. Alichokitambua ni kwamba bonde hili halikuchongwa na mto. Ardhi ilipasuka kwa mistari sambamba, na kipande cha katikati kikashuka.

Ukisimama ukingoni Iten, hadithi yake unaweza kuisoma kwa macho. Juu kabisa, chini ya udongo mwekundu, kuna tabaka la mwamba wa kijivu unaosimama wima kama ukuta uliojengwa. Hiyo ni lava iitwayo fonolaiti, iliyotiririka yapata miaka milioni 12 iliyopita. Ilikuwa nyepesi na nyingi, ikajaza mabonde ya zamani na kuusawazisha uwanda wote wa Uasin Gishu. Ndiyo sababu Chepkoilel ni tambarare, ndiyo sababu pia trekta hupita bila taabu, na ndiyo sababu, ukipenda kuifuata mbali, walowezi waliitamani nchi hii. Chini ya lava, kwenye miteremko iliyofunikwa na vichaka, miamba hubadilika: ni migumu, yenye mistari na vimeta, ya kale kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kati ya tabaka hizo mbili maji hupenya na kutokeza chemchemi, na penye chemchemi ndipo palipo na kidato, na penye kidato ndipo penye watu. Kijiji cha Kessup kiko pale kilipo kwa sababu ya mpaka wa mawe.

Ukingo huu pia ndio unaoyatenga maji. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huingia Moiben, Sosiani, mto Chepkoilel na kinamasi chake cha Marura, hatimaye Nzoia, Ziwa Viktoria na Nile. Tone likivumilia litafika Mediterania, bahari ya hao Wataliano na viwanja vyao. Mvua ya hatua chache mashariki huingia Kerio, hukimbia kaskazini na kuishia Turkana, ziwa lisilo na mlango wa kutokea.

Waliofuata walikuja kutazama kwa ajili ya kuchukua. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe makazi katika uwanda huu. Mapema 1905 tume ya watu watatu ikaja kuukagua: Meja Gibbons wa Uingereza, Alfred Kaiser wa Uswisi, na mhandisi Nahum Wilbusch. Walizunguka nyasi zilezile, majuma yaleyale, chini ya jua lilelile. Gibbons aliona kwamba watu wanaweza kuishi hapa, ijapokuwa si wengi. Wilbusch aliona nchi isiyofaa kitu. Kaiser naye hakuvutiwa. Mwaka huohuo kongamano la Wazayuni mjini Basel likaikataa Uasin Gishu. Katika habari zote za kutazama zinazohusu nchi hii, hiyo ndiyo yenye matokeo makubwa zaidi, na inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba hakuna aliyekwenda kuwauliza Wanandi, waliokuwa wakiwatazama wakaguzi hao muda wote. Oktoba ya mwaka huohuo, 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani, na upinzani dhidi ya Waingereza ukavunjwa.

Baada ya hapo njia ilikuwa wazi. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 wakiongozwa na Jansen van Rensburg walishuka meli Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakakokota magari ya ng'ombe kupitia misitu na matope ya Timboroa. Oktoba walifika Sergoit. Ni rahisi kuelewa kwa nini palikuwa pale: katika nchi isiyo na alama, Sergoit ndicho kitu pekee ambacho ungeweza kumwelekeza mtu. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 1909, Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alikuja maeneo hayohayo akiwa mwindaji, na karibu na Sergoit akashuhudia vijana wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Leo kilima kimezungukwa na mashamba na nyumba, na simba wa mwisho aliondoka zamani. Kupanda ni kazi ya nusu saa hivi kwa mtu mwenye mapafu ya kawaida. Juu yake utaona kile ambacho ukiwa Chepkoilel huwezi kukiona: jinsi uwanda wote unavyoinama polepole kuelekea magharibi, na jinsi mashamba makubwa ya walowezi yalivyokatwakatwa baada ya uhuru kuwa vipande vya ekari mbili, tano, kumi. Historia ya ardhi ya Kenya imechorwa hapo chini kwa nyaya na nyua za miti.

Mji wenyewe ulianza kama nambari ya shamba, 64, na wenyeji wakaigeuza Sisibo. Posta ilifunguliwa 1910, jina la Eldoret likatangazwa 1912, reli ikafika 1924 baada ya kupita Timboroa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, na Agosti 2024 Eldoret ikatawazwa jiji. Kuhusu kutazama, mji huu una ushahidi mmoja ninaoupenda: mtaa wa Elgon View. Walioupa jina walitaka jambo lijulikane, kwamba barazani kwao waliuona Mlima Elgon, ulio yapata kilomita mia moja kaskazini-magharibi. Madai hayo ni ya kweli mpaka leo, kwa masharti. Uamke mapema, siku iliyofuata mvua, kabla moshi wa jikoni na vumbi la barabara havijapanda. Jua likitokea nyuma yako huupiga mlima usoni, nao huonekana mpana, wa buluu, na kilele chake cha mita 4,321 hakichongoki hata kidogo. Saa tatu ukifika umekwisha kutoweka. Na sharti jingine ni jipya: usiwe na ghorofa la jirani mbele yako.

Huku walowezi wakitazama Elgon, Wakeiyo walikuwa wakipoteza sehemu ya juu ya vipande vyao. Misitu ya ukingoni, ambako walichunga wakati wa kiangazi na kutundika mizinga, iliingizwa katika mkataba wa mbao aliopewa mlowezi Ewart Grogan, na tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ilisikiliza malalamiko yao. Juu pakafungwa, wao wakabaki katikati na chini. Serikali nayo ilijiweka palepale kwenye kidato. Wakati wa ukoloni Tambach ilikuwa makao makuu ya wilaya ya Elgeyo-Marakwet, na mkuu wa wilaya aliyeketi barazani pake aliweza kuona raia wake wakiwa mashambani na pia njia walizotumia kutoroka kodi. Tambach palikuwa pia na shule, na chuo cha ualimu ambako Daniel arap Moi alisomea katika miaka ya 1940. Alizaliwa Sacho, kwenye milima ya Tugen, ng'ambo ya bonde. Kijana huyo angeweza kutoka darasani na kuona kwao, safari ya siku nzima kwa miguu. Alipokuwa rais, barabara ya lami iliunganisha pande hizo mbili, kutoka Iten kupitia Tambach hadi Kabarnet. Wakenya wengine walinung'unika kuhusu barabara za Baringo wakati ule, na walikuwa na sababu. Lakini kama barabara, sijaona nyingine nchini inayompa abiria wa matatu mandhari ya kiasi hicho kwa nauli hiyo.

Kwa kuwa nimewataja Wataliano, niseme kwamba nao walipita. Vita vya Pili vya Dunia viliwaleta maelfu kama wafungwa kutoka Uhabeshi na Somalia, wakawekwa katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Londiani, Eldoret na kwingineko. Barabara inayoteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, ambayo leo kila basi la watalii husimama kando yake, ni kazi ya mikono yao, na kanisa dogo walilolijenga chini yake lilikamilika 1942. Felice Benuzzi, mfungwa wa Nanyuki, alikuwa akiuona Mlima Kenya kupitia seng'enge. Januari 1943 alishindwa kuvumilia. Alitoroka na wenzake wawili wakiwa na vifaa vya kukwea walivyojitengenezea kambini, yeye na mmoja wao wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, halafu wote watatu wakarudi wenyewe kambini kupokea adhabu. Kati ya wote niliowataja, huyo ndiye ninayeweza kusema kwamba alitaka kuona tu, wala hakuwa na shughuli nyingine huko juu.

Iten ya leo imejulikana kwa watu wasiotazama chochote. Shule ya Mtakatifu Patriki ilianzishwa na mabruda wa Kiayalandi mapema miaka ya 1960. Bruda Colm O'Connell akaja kufundisha mwaka 1976, na bila kuwahi kuwa mwanariadha akaanza kuwanoa vijana. Peter Rono, aliyesoma hapo, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. David Rudisha, mwanafunzi mwingine wa Colm, aliweka rekodi ya mita 800 kwenye Olimpiki ya London 2012, dakika 1 na sekunde 40.91. Tangu hapo dunia nzima imekuja kukimbia kwenye mwinuko wa mita 2,400. Alfajiri makundi hupita kwenye vumbi, macho yakiwa kwenye visigino vya aliye mbele, na bonde limefunguka mkono wa kulia bila hata mmoja kugeuka. Nimewahi kumuuliza kijana mmoja kama huwa anasimama kuona. Akanitazama kwa huruma, akaniambia akisimama misuli itapoa.

Wanaosimama ni wageni. Iten ina hoteli ukingoni, vibanda vya vinyago, na kati ya Januari na Machi, upepo wa joto unapopanda kutoka bondeni, huja watu wa Ulaya na miavuli yao ya kuruka. Ni mahali pazuri, sina ugomvi napo, ila wengi huja saa isiyofaa. Ukingo unaangalia mashariki. Asubuhi jua linakupiga machoni na bonde lote ni ukungu wa kijivu. Njoo saa tisa au kumi alasiri, jua likiwa mgongoni: Tugen inatoka kwenye vivuli, mikunjo yake inahesabika, na mto Kerio unaonekana kwa mstari wa miti yake. Miezi ya mvua ni bora kuliko kiangazi, kwa sababu Februari vumbi na moshi wa kusafisha mashamba hufunika kila kitu.

Wasiotaka vibanda waende kusini, Kaptagat hadi Nyaru, ambako barabara huanza kushuka kwenda Kimwarer na machimbo ya floraiti yaliyofungwa. Huko msitu hufika mpaka ukingoni. Au wateremke Tambach, wasikie maporomoko ya Torok yakidondoka juu ya Kessup, wanunue asali na embe za Kerio kando ya barabara, wafike Chebloch, ambapo mto mzima hubanwa kwenye ufa wa mwamba na vijana hujirusha majini kwa sarafu chache, mamba wakiwa hawako mbali.

Lakini mahali ninapopaweka juu ya pengine pote ni kule aliposimama kiongozi wa msafara. Lala Kabarnet. Asubuhi saa moja, tafuta mwanya wa miti upande wa magharibi wa mji. Jua sasa liko nyuma yako na linaupiga ukuta wa Elgeyo moja kwa moja, kutoka kusini hadi unapopotelea kwenye milima ya Cherangani, ambayo vilele vyake hupita mita 3,300. Hapo ndipo unapouona ukuta wenyewe, kwa kuwa aliye juu ya ukuta hauoni. Mstari mweusi wa lava juu, kidato chenye mapaa yanayong'aa katikati, vichaka chini. Ukiwa Iten, Tambach ni kona ya barabara. Ukiwa Kabarnet, unaelewa kwa nini mtu yeyote alitaka kuishi Tambach. Na milima uliyosimama juu yake si midogo kwa historia: mwaka 2000 Martin Pickford na Brigitte Senut walipata katika miamba ya Tugen mifupa ya Orrorin, kiumbe wa takriban miaka milioni 6, mmoja wa wazee kabisa katika ukoo wa binadamu.

Kuna watazamaji wengine ambao hawamo kwenye vipeperushi vya utalii. Ni walioko chini. Aprili 2020 maporomoko ya udongo yaliua watu Chesegon, mpakani mwa Marakwet na Pokot Magharibi. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, mvua kubwa iliubomoa mteremko juu ya Chesongoch, nyumba zikafunikwa watu wakiwa wamelala, na zaidi ya watu 20 wakafa. Misitu ya juu imepungua, mashamba yamepanda kwenye miteremko ambayo wazee waliiacha, na watu ni wengi kuliko kidato kinavyoweza kuwabeba. Anayelima bondeni hutazama ukuta kila siku ya mvua kuona kama kuna alama mpya nyekundu pale palipokuwa na kijani jana. Huangalia pia mto: maji yakipungua ghafla wakati mvua inaendelea kunyesha, juu kuna kitu kimeyaziba, na watoto huamshwa.